Prado ya familia ya watu saba: TX, TX-L au TZ-G kwa barabara zetu za Kusini?

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kumiliki, kutengeneza au kuagiza Toyota Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 150, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mjini hunijibu kwa sentensi moja tu, kwamba nichukue TZ-G, daraja lake la juu kabisa, kwani hiyo ndiyo Prado yenyewe, na nikimuuliza sababu huanza kunisifia rimu.

Nyumbani kwangu tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne, na mama yangu mzazi ambaye goti lake la kushoto halikunjiki vizuri tangu alipoanguka miaka mitatu iliyopita. Kwa siku za kawaida gari litapeleka watoto shule na kuwarudisha, safari isiyofika kilomita 6. Mara moja kwa mwezi tunakwenda Newala kuangalia wazee na mikorosho, na mara mbili au tatu kwa mwaka tunashika barabara ya Dar es Salaam, kilomita zipatazo 560, tukiwa wote saba pamoja na mizigo.

Land Cruiser 250, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwezi Aprili 2024 ikiwa na madaraja ya GX, VX na ZX, nimeitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani, lakini fedha yangu haifiki huko. Fedha niliyonayo inanipa njia mbili. Ya kwanza ni TZ-G ya dizeli ya mwaka 2015, na ya pili ni TX yenye kifurushi cha L, ile ambayo wauzaji huiandika TX-L, ya mwaka 2018. Katika picha zote mbili zina viti vya ngozi, zote zinang'aa, na mimi sioni kilicho chini ya bati.

Ninachoomba kuelezwa ni hiki: kati ya madaraja haya, tofauti ipi inaonekana barabarani na ipi inaishia kwenye maegesho ya kanisani na msikitini? Je, nichukue petroli ya lita 2.7 au dizeli ya lita 2.8? Na mama akae wapi?

Fundi wa Uvunguni, Masasi

Kaka wa Shangani, nianze na mambo yasiyotofautiana, maana wauzaji huyaruka. Prado zote za 150 za soko la Japani, iwe TX, TX-L au TZ-G, zimejengwa juu ya chasisi ya ngazi, zinasukuma magurudumu yote manne muda wote, zina loki ya difu ya kati, na zina gia nzito ya kushuka na kupandia. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba TX haipandi Newala wakati wa mvua amekosea, kwa sababu kinachoipandisha TZ-G ndicho kinachoipandisha TX.

Tofauti ya kweli iko nyuma, chini, mahali ambapo mnunuzi hachungulii. TX na TX-L zimebebwa na springi za chuma. TZ-G imebebwa nyuma na mifuko miwili ya mpira iliyojaa upepo, inayopewa upepo na kompresa yake, na kuna sensa zinazopima urefu wa gari kutoka chini ili mifuko iongezwe au ipunguzwe kulingana na mzigo. Shokapu zake nazo hubadili ugumu kwa umeme. Juu ya hayo TZ-G ina mfumo wa kuchagua aina ya ardhi, yaani mchanga, tope au mawe, na mfumo wa kutambaa ambao unashika breki na mafuta wenyewe huku dereva akishughulika na usukani tu. Ni kazi nzuri ya wahandisi, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na umri. Mpira ni mpira, na gari la mwaka 2015 lina mpira wa mwaka 2015 isipokuwa kama mtu ameubadilisha. Mfuko ule una mkunjo, na ndani ya mkunjo vumbi letu jekundu hukaa likisaga mpira kila gari linaporuka shimo. Unapata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, upepo unavuja polepole, kompresa inafanya kazi mara kwa mara ili kufidia, na hatimaye nayo inaungua. Hapo mwenye gari analipia vitu viwili kwa kosa la kimoja.

Namna ya kukagua haihitaji kompyuta. Liegeshe gari mahali tambarare jioni, chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bati juu yake, pande zote mbili, uandike. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, pima tena. Upande ulioshuka ndio unaovuja. Kisha mimi hukoroga sabuni ya unga kwenye ndoo, ninapaka povu kwenye mkunjo wa mfuko na kwenye viungio vya mpira wa upepo, na mahali penye ufa povu huanza kuchemka taratibu kama uji. Tatizo ni kwamba wewe unaagiza gari lililoko Japani, kwa hiyo futi kamba yako haitalifikia.

Wengine hung'oa mifuko hiyo na kuweka springi za chuma. Nimefanya kazi hiyo kwa magari mawili na yote yanatembea vizuri, lakini taa ya hitilafu kwenye dashibodi haikuzimika, na mwenye gari amebaki amelipia TZ-G huku akiendesha TX.

Sasa kuhusu injini, na hapa ninaomba unisikilize kuliko huko nyuma. Dizeli ya lita 2.8, 1GD, iliingia kwenye Prado ya Japani mwezi Juni 2015, na kwa nguvu haina mpinzani humu: mkokoto wake, yaani nguvu ya kuzungusha na kuvuta, ni nyutoni-mita 450 kuanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika, wakati petroli ya 2.7 inatoa 246 na inataka izungushwe hadi karibu 3,900 ndipo iitoe. Gari lenye zaidi ya tani mbili, watu saba na magunia linahisi tofauti hiyo mlimani. Lakini dizeli hiyo ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi wakati moshi ni wa moto sana, jambo linalotaka mwendo wa barabara kuu kwa muda. Safari ya kilomita 6 ya shule haiupi moshi joto hilo. Aidha, ile ya soko la Japani ina tangi la maji ya urea, na yakikauka kabisa huku ukiwa umepuuza maonyo, ukishazima injini haiwaki tena mpaka uyajaze. Hapa Masasi mimi huyaagiza kutoka Dar es Salaam kwa basi.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, mimi ningechukua petroli. Injini yake ya 2TR inatumia mnyororo, si mkanda, na mafundi wanaoifahamu wapo mpaka Liwale.

Mama wa Mapacha, Lindi

Kaka, mimi nina TX-L ya petroli ya mwaka 2016, ya viti saba, na nimekaa nayo miaka mitatu. Mambo ya uvunguni nawaachia akina Fundi, mimi nitazungumzia ndani, kwa sababu ndani ndiko familia inakoishi.

Kwanza hakikisha gari unalolipia lina safu ya tatu, maana TX ya kawaida ilitengenezwa yenye viti vitano na yenye viti saba, na picha za wauzaji mara nyingi hupigwa safu ya tatu ikiwa imelazwa. Pili, elewa kwamba safu hiyo ni ya watoto. Mtu mzima anaweza kukaa kutoka Lindi hadi Mingoyo bila kulalamika, lakini akienda hadi Kilwa magoti yatakuwa yamefika kidevuni. Na pale safu ya tatu inaposimama, nafasi ya mizigo inayobaki nyuma ni ya ndoo moja na mabegi mawili ya shule, basi. Sisi tulifunga keria juu. Usisahau keria katika bajeti yako, na usisahau turubai.

Mlango wa nyuma wa Prado haupandi juu, unafunguka kwa pembeni kama mlango wa nyumba. Ukiegesha sokoni na gari jingine likakuganda nyuma, haufunguki. Ila kioo chake hufunguka peke yake, na mimi hupitishia hapo mkungu wa ndizi na mikate bila kugusa mlango.

Kuhusu mama yetu mwenye goti, usimweke safu ya kati, mweke mbele. Namna ninavyompandisha mama mkwe wangu, ambaye naye miguu inamsumbua, ni hii: tunasogeza kiti cha mbele cha kushoto nyuma hadi mwisho, anasimama kwenye ngazi ya pembeni akiwa ameshika mpini ulio kwenye nguzo, anaketi kwanza akiwa ametazama nje, kisha anaingiza mguu wa kulia, na mguu wa kushoto unafuata ukiwa umenyooka. Kiti kisipokuwa nyuma kabisa, ule mguu ulionyooka unakwama kwenye fremu ya mlango. Kwa hiyo yeye ndiye abiria wa mbele, na mkeo, Shemeji, atakaa nyuma na watoto ikiwa wewe ndiye unayeendesha. Sijui nyumbani kwenu nani hushika usukani. Angalia pia kwenye picha kama ngazi za pembeni zipo, kwa sababu bila hizo gari hili ni la kupanda kama mnazi.

Ngozi ina pande mbili. Soda ya mtoto ikimwagika unafuta kwa kitambaa, jambo ambalo kwa kitambaa cha TX lingekuwa kilio cha wiki. Lakini gari likikaa juani saa saba mchana, ukikaa na kanga nyepesi unaruka. Hizo za kuanzia mwishoni mwa 2017, TX-L na TZ-G, viti vyake vya mbele vina matundu yanayopitisha upepo, na kama ningekuwa ninachagua leo ningelitafuta hilo kabla ya chochote kinachong'aa.

Kuna jambo moja dogo ambalo hakuna aliyeniambia. Redio ya gari la Japani imetengenezwa kwa masafa ya Kijapani, yanayoanzia 76 na kuishia 90, au 95 kwa zile za karibuni, hivyo vituo vyetu vya juu ya hapo haviingii mpaka ufungiwe kifaa cha kubadili masafa au redio nyingine. Na yule mwanamke wa ramani huongea Kijapani kila unapowasha gari. Mama mkwe wangu alimwitikia kwa heshima karibu miezi miwili.

Mafuta: katika barabara ya Dar es Salaam ninapata kama kilomita 8 kwa lita, nikiendesha kwa adabu. Tangi ni lita 87, kwa hiyo ninajaza Lindi na kufika Dar bila kusimama sheli. Mjini sipendi hata kuhesabu.

Mstaafu wa Forodha, Mtwara

Mwanangu wa Shangani, nimesoma mchango wa Fundi na wa binti yangu wa Lindi, nami nitagusa mahali ambapo daraja la gari linageuka kuwa fedha ya Serikali.

Ushuru wa forodha wa gari ni 25% ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 ni 10%, kisha juu ya yote huja VAT ya 18%. Petroli ya 2.7 na dizeli ya 2.8 zote zimevuka 2,000, kwa hiyo injini haikupi nafuu yoyote hapo. Kinachokuumiza ni thamani. Tuseme TZ-G imekuzidishia shilingi milioni 10 kule Japani kwa ajili ya mifuko ya upepo na vitufe. Ukiongeza 25% inakuwa milioni 12.5, ukiongeza 10% inakuwa milioni 13.75, na ukimaliza na VAT inakuwa takriban milioni 16.2. Yaani unalipia ushuru hata mfuko wa mpira ambao Fundi ameshakuambia wengine huung'oa.

Halafu kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililotimiza miaka minane na kuendelea tangu lilipotengenezwa, na hapa mwaka 2015 na mwaka 2018 haviko meza moja. Usichukue hesabu ya muuzaji. Ingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, chagua aina, modeli, mwaka na injini, utaona makadirio ya gari lako kabla hujatuma hata senti. Fanya hivyo kwa magari yote mawili, uandike tarakimu mbili kwenye karatasi, ndipo ujue kama zile bei mbili ulizodhani zinalingana kweli zinalingana.

Katika kuhakikisha daraja, usitegemee jina lililobandikwa kwenye bati la nyuma, kwani nembo hununuliwa. Soma kibao cha modeli kilichomo ndani ya gari. Dizeli ya TZ-G huandikwa GDJ151W, wakati TX na TX-L za dizeli ni GDJ150W, na petroli ya 2.7 ni TRJ150W. Nimewahi kuona, si mara moja, TX iliyovalishwa mavazi ya TZ-G.

Na uombe karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japani. Daraja la ukaguzi la 4 au 4.5 ni gari la kuaminika, na herufi R maana yake limewahi kugongwa na kurekebishwa sehemu ya mifupa. Muuzaji anayekwambia karatasi imepotea, naye mpoteze.

Jambo la mwisho, ambalo watu wengi hulipanga vibaya. Mfumo wa usalama wa Toyota, ule wa kamera na rada unaopiga breki wenyewe na kuonya gari linapotoka kwenye mstari, uliwekwa kwenye madaraja yote ya Prado katika maboresho ya Septemba 2017. Kwa maana hiyo TX-L yako ya 2018 inao, na hata TX ya kitambaa ya mwaka huo inao, wakati TZ-G ya 2015 ilitoka kabla ya maboresho hayo. Katika suala hilo mwaka umelishinda daraja.

Mkorosho wa Juu, Newala

Wakubwa zangu, kwa heshima zote, TZ-G imehukumiwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. Ninayo, ya dizeli ya mwaka 2016, mwaka wa sita sasa.

Msimu wa korosho mimi hushuka kutoka huku juu kwenda Mtwara kwa njia ya Tandahimba nikiwa na watu watano na magunia nyuma. Gari la springi za chuma likibebeshwa hivyo hukaa kitako, pua inatazama juu, na usiku taa zake zinamulika vilele vya mikorosho badala ya barabara. Langu linakaa sawa kana kwamba halina kitu. Mke wangu ana maumivu ya mgongo, na alipopanda TX ya shemeji yake kwenda Ndanda hospitali alirudi akisema hataki tena. Ule mfumo wa kutambaa wengine huuita mchezo wa watoto, lakini niliwahi kushuka mteremko wa utelezi na gari limejaa, nikatoa miguu kwenye pedali zote, likashuka lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilisikia breki zikiguna, tr-tr-tr, nikashika usukani tu.

Ni kweli mfuko mmoja ulinipasukia, lakini hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilipata pancha njiani, kijana wa tairi akainua gari kwa jeki, nami sikuzima kwanza kitufe cha urefu. Gari likadhani limenyanyuka kwa sababu nyingine, likaanza kutoa upepo, mfuko ukajikunja vibaya, na lilipoteremshwa likakaa juu ya mkunjo. Tangu siku hiyo kitufe kile ninakizima kabla hata sijatoa jeki, na kila ninaporudi kutoka vumbini ninamwaga maji ya kawaida kwenye mifuko, bila presha, mpaka yatoke meupe. Mfuko wa pili una umri wa gari lenyewe na bado ni mzima.

Hata hivyo nisimdanganye ndugu yetu. Mimi kila wiki ninaendesha safari ndefu, na chujio la dizeli halijawahi kunisumbua, isipokuwa harufu kali na moshi mweupe linapojichoma, ambao mara ya kwanza ulinifanya nikimbie nje ya gari. Mtu wa kilomita 6 za shule simshauri dizeli. Na TZ-G ya petroli ya baada ya katikati ya 2015 hutaipata, kwa sababu ile ya V6 ya lita 4.0 iliondolewa Japani mwezi Juni 2015 dizeli ilipoingia. Kwa hiyo swali lako la daraja limeshajibiwa na swali lako la injini, hata mimi mpenzi wa TZ-G ninakubali.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Ninawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Mzee wa Forodha, nimefanya kama ulivyoniagiza, nikaandika tarakimu mbili kwenye karatasi, na TZ-G ya 2015 ambayo muuzaji aliniambia iko sawa na TX-L ya 2018 imeonekana imeipita kwa kiasi ambacho mke wangu aliomba nikisome mara mbili.

Dada wa Lindi, Jumamosi tulimwomba jirani mwenye Prado ya viti saba atuachie gari kwa nusu saa. Kijana wangu wa kidato cha pili alikaa safu ya tatu, akasema yuko sawa, kisha baada ya dakika kumi akasema hayuko sawa. Wadogo zake wawili wamekaa bila tatizo, kwa hiyo huko nyuma ni kwao. Mama tulimpandisha kama ulivyoelekeza, kiti nyuma kabisa, mguu ulionyooka mwishoni. Alishika mpini, akaketi, akavuta mlango mwenyewe, kisha akauliza tunaondoka saa ngapi.

Nimeamua TX-L ya petroli ya 2018, kibao TRJ150W, daraja la mnada 4.5. Zilizotengenezwa kabla ya Juni 2015 zilikuwa na gia nne tu kwenye petroli ya 2.7, na hii ina sita, hivyo natumaini mlima wa Newala hautakuwa mateso. Kilichobaki ni swali moja kwa Fundi. Nyumba yangu iko mita chache kutoka baharini, na Desemba watoto hawanielewi nisipowapeleka Msimbati, ambako magari hupita juu ya mchanga wa ufukweni. Je, kuna jambo la kufanya kabla gari halijaanza kutumika?

Fundi wa Uvunguni, Masasi

Lipo. Siku litakapotoka bandarini, kabla hujalipeleka nyumbani, lipandishe kwenye shimo au jeki ya gereji, uvungu uoshwe na kukaushwa vizuri, kisha upakwe dawa ya kuzuia kutu, hasa ndani ya mihimili ya chasisi ambako maji huingia kwa matundu madogo na hayatoki upesi. Watu hupaka nje, panapoonekana, na kutu huanzia ndani. Ufukweni ukipita, gari lioshwe uvungu siku hiyo hiyo kwa maji baridi, si kesho yake. Mchanga wa Msimbati si wa kuogopa, punguza tu upepo wa tairi kabla ya kuingia na beba pampu ya kurudishia.

Rimu zikija za inchi 17, usikubali mtu akuuzie za 19 kwa sababu zinapendeza. Tairi ya 265/65R17 ina ubavu wa milimita kama 172, na ya 265/55R19 ina 146. Hizo milimita 26 ndizo zinazolala kati ya rimu na shimo.

Na kioo cha mbele kikipigwa jiwe na lori la kokoto, usibadilishe na cha kupaka gundi barabarani. Kamera ya ule mfumo wa breki imeegemea hapo, na ikikaa upande kwa kiasi kidogo tu inaona vibaya, kwa hiyo lazima ipimwe upya na mtu mwenye mashine. Weka namba ya mtu huyo wa Dar es Salaam tangu sasa.